Stephen Keshi: Nahodha Aliyerudi na Kombe Akiwa Kocha

Katika mji wa Asaba, makao makuu ya Jimbo la Delta kusini mwa Nigeria, upo uwanja wa michezo unaobeba jina la Stephen Keshi. Mwezi Agosti 2018 uwanja huo ulipokea wanariadha wa bara zima, wakiwemo wa Afrika Mashariki, kwa Mashindano ya Riadha ya Afrika, na wengi wao walilisoma jina hilo getini bila kuhitaji kuelezwa mwenye jina ni nani. Illah, mji wa asili wa ukoo wake, hauko mbali na hapo, nao umejengwa kando ya mto ule ule wa Niger.

Marehemu Stephen Okechukwu Keshi alizaliwa Januari 23, 1962 huko Azare, kaskazini mwa Nigeria, mbali na nyumbani kwa wazazi wake. Alikulia Lagos, akasoma katika Chuo cha Saint Finbarr's kilichopo Akoka, shule ambayo katika miaka hiyo ilijulikana kwa soka sawa na ilivyojulikana kwa masomo. Kutoka hapo alichezea timu ya benki ya ACB ya Lagos, kisha akahamia jiji la Benin kuichezea timu ya New Nigeria Bank, iliyotwaa ubingwa wa klabu za Afrika Magharibi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Alikuwa beki wa kati, mrefu, mwenye sauti, na asiyependa kuona mwenzake akisimama bila kazi uwanjani. Tabia hiyo ndiyo iliyompa unahodha mapema, na baadaye jina la utani la Big Boss, ambalo mashabiki wa Nigeria walilitumia hadi siku ya mazishi yake.

Katikati ya miaka hiyo likatokea jambo ambalo lingeweza kumaliza safari yake. Chama cha soka cha nchi yake kilimfungia, pamoja na wachezaji wenzake, kwa kutofika kambini kwa wakati uliotakiwa. Kijana wa miaka 23 aliyefungiwa nyumbani hakuwa na mlango mwingi wa kubisha. Keshi alivuka mpaka kwenda Côte d'Ivoire, akachezea Stade d'Abidjan na baadaye Africa Sports, na kutoka Abidjan akafika Ubelgiji mwaka 1986 kujiunga na Lokeren. Mwaka uliofuata alisajiliwa na Anderlecht, klabu kubwa kuliko zote nchini humo, akatwaa nayo Kombe la Ubelgiji mara mbili na ubingwa wa ligi wa msimu wa 1990/91. Mwaka 1990 Anderlecht ilifika fainali ya Kombe la Washindi barani Ulaya, ikafungwa na Sampdoria ya Italia katika muda wa nyongeza.

Adhabu iliyokusudiwa kumrudi ikawa ndiyo njia. Wakati ule wachezaji wa Nigeria waliokuwa wakilipwa Ulaya walikuwa wachache mno, na wengi wa rika lake walitarajia kuanzia na kumalizia soka katika timu za mabenki na mashirika ya umma. Baada ya Keshi, barabara ya Abidjan ikafahamika. Rashidi Yekini, aliyekuja kuifungia Nigeria bao lake la kwanza katika Kombe la Dunia, naye alipita Africa Sports kabla ya kwenda Ulaya. Wachezaji wengi wa kizazi kile wamekiri kwamba Keshi aliwapokea, akawaombea majaribio, akawaeleza baridi ya Ubelgiji kabla hawajaikuta. Hayo hayamo katika takwimu zake, lakini ndiyo yaliyofanya timu ya taifa ya mwaka 1994 iwe vile ilivyokuwa.

Katika jezi ya taifa alisubiri sana. Nigeria ilifungwa na Kamerun katika fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 1984 mjini Abidjan, ikafungwa tena na Kamerun hiyo hiyo mwaka 1988 mjini Casablanca kwa bao la penalti. Mwaka 1994 nchini Tunisia, chini ya kocha Clemens Westerhof kutoka Uholanzi, Keshi alikuwa nahodha wa kikosi akiwa na umri wa miaka 32, na miguu haikuwa tena ile ya awali. Siku ya fainali, Aprili 10, hakucheza. Alitazama kutoka pembeni Emmanuel Amunike akifunga mabao mawili na kuishinda Zambia 2-1, Zambia iliyokuwa imeundwa upya baada ya kikosi chake kuangamia katika ajali ya ndege pwani ya Gabon mwaka mmoja tu kabla. Miezi michache baadaye Nigeria ilicheza Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza, nchini Marekani, na Keshi akapata mchezo mmoja, dhidi ya Ugiriki. Kwa mtu aliyeibeba timu ile kwa zaidi ya muongo mmoja, mchezo mmoja ni kidogo, ila uliandikwa kwa jina lake kama nahodha na Nigeria ilishinda 2-0.

Alistaafu, akaishi Marekani na kusomea ukocha huko, kisha akarudi kuwa msaidizi wa Shuaibu Amodu katika timu ya taifa. Wawili hao waliipeleka Nigeria katika nafasi ya tatu ya Kombe la Afrika mwaka 2002 nchini Mali na kuiwezesha kufuzu Kombe la Dunia la mwaka huo, lakini waliondolewa kabla ya Kombe la Dunia lenyewe.

Lililompata Togo lilikuwa zito zaidi. Alipoichukua timu hiyo mwaka 2004, Togo haikuwa imewahi kufika Kombe la Dunia, na katika kundi lake ilikuwapo Senegal iliyofika robo fainali ya dunia miaka miwili kabla. Togo ilianza kwa kufungwa na Zambia. Kisha ikaanza kushinda, kijana Emmanuel Adebayor akifunga mabao mfululizo, na Oktoba 8, 2005 ikaifunga Congo 3-2 mjini Brazzaville na kukata tiketi ya Ujerumani. Nchi ndogo isiyofika watu milioni saba ikasherehekea usiku kucha. Miezi mitatu baadaye, katika Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Misri, Togo ilipoteza michezo yote mitatu, uhusiano wa kocha na Adebayor ukaharibika mbele ya macho ya watu, na Keshi akaondolewa. Aliyekwenda Ujerumani kukaa kwenye benchi alikuwa Otto Pfister, raia wa Ujerumani. Togo ilipoteza michezo yote mitatu huko pia.

Hapa pana suala ambalo Keshi alilisema hadharani kwa miaka mingi, na ambalo lilimfanya apendwe na makocha wenzake na kuogopwa na baadhi ya viongozi: kwamba kocha Mwafrika hupewa kazi ngumu ya kufuzu, na matunda yakiiva huitwa mgeni kuyachuma. Si kila kisa kinathibitisha hoja hiyo, na matokeo ya Misri yalikuwa mabaya kweli. Lakini ukiangalia timu za Afrika zilizowahi kufika hatua ya mtoano ya Kombe la Dunia kuanzia Morocco mwaka 1986 hadi Ghana mwaka 2010, zote zilikuwa na makocha kutoka nje ya bara. Orodha hiyo ilikuja kuvunjwa na yeye mwenyewe.

Kabla ya hapo alipita Mali. Januari 10, 2010 mjini Luanda, katika mchezo wa ufunguzi wa Kombe la Afrika, Mali ya Keshi ilikuwa nyuma kwa mabao 4-0 dhidi ya wenyeji Angola zikiwa zimebaki dakika 11. Mchezo ukaisha 4-4. Ni miongoni mwa dakika 11 za ajabu zaidi katika historia ya mashindano hayo, ingawa Mali haikuvuka hatua ya makundi na kocha akapoteza kazi tena.

Novemba 2011 Nigeria ilimwita. Timu ilikuwa imeshindwa kufuzu Kombe la Afrika la 2012, na mashabiki walikuwa wamechoka na majina makubwa yasiyoleta matokeo. Keshi akafanya jambo lililoonekana la hatari: aliacha nje baadhi ya wachezaji maarufu wa Ulaya, akiwemo Peter Odemwingie ambaye hakuficha hasira yake, na akachukua wachezaji sita wa ligi ya ndani kwenda Afrika Kusini mwanzoni mwa 2013. Ikatoka sare na Burkina Faso, sare na Zambia, na dhidi ya Ethiopia ikaponea kwa penalti mbili za Victor Moses katika dakika za mwisho. Lawama zilikuwa nyingi. Robo fainali ilikuwa na Côte d'Ivoire ya Didier Drogba na Yaya Touré, na hakuna aliyetarajia Nigeria ivuke. Ilivuka, 2-1, kwa bao la Sunday Mba, mchezaji wa ligi ya ndani. Mali ikapigwa 4-1 mjini Durban. Februari 10, 2013 jijini Johannesburg, Mba huyo huyo akauinua mpira juu ya beki wa Burkina Faso katika dakika ya 40 na kufunga bao pekee la fainali.

Kwa ushindi huo Keshi akawa mtu wa pili kutwaa Kombe la Mataifa ya Afrika akiwa mchezaji na kisha akiwa kocha. Wa kwanza alikuwa Mahmoud El-Gohary wa Misri, aliyelitwaa mwaka 1959 uwanjani na mwaka 1998 kwenye benchi.

Siku moja baada ya fainali, Keshi alitangaza kujiuzulu. Zilikuwa zimemfikia taarifa kwamba viongozi wa soka walikwisha kujiandaa kumwondoa kabla ya robo fainali, na hakuweza kuzimeza. Waziri wa Michezo, Bolaji Abdullahi, alizungumza naye, na siku iliyofuata akarudi kazini. Rais Goodluck Jonathan aliipokea timu Abuja na kumtunuku kocha nishani ya taifa. Hata hivyo, mwaka huo huo ilifahamika wazi kwamba bingwa wa Afrika alikuwa anafanya kazi kwa miezi kadhaa bila mshahara.

Mashabiki wa Kenya wana kumbukumbu yao wenyewe ya mwaka huo. Machi 23, 2013, katika kufuzu Kombe la Dunia, Harambee Stars iliwaongoza mabingwa wapya wa Afrika mjini Calabar kwa mpira wa adhabu wa Francis Kahata, hadi Nnamdi Oduamadi aliposawazisha katika dakika za nyongeza. Juni 5 mjini Nairobi, Ahmed Musa alifunga bao pekee zikiwa zimebaki kama dakika kumi. Waliokuwa Kasarani siku hiyo walimwona kocha yule mrefu akiwa amesimama ukingoni karibu mchezo mzima, kama nahodha ambaye hajaambiwa kwamba amestaafu.

Nigeria ilifuzu, na Keshi akawa kocha wa kwanza Mwafrika kuzipeleka nchi mbili za bara hili katika Kombe la Dunia. Nchini Brazil mwaka 2014 timu yake ilitoka sare na Iran, ikaishinda Bosnia na Herzegovina 1-0, ikafungwa 3-2 na Argentina, kisha ikatolewa na Ufaransa 2-0 katika 16 bora. Baada ya hapo mambo yakaharibika haraka. Nigeria, bingwa mtetezi, ilishindwa kufuzu Kombe la Afrika la 2015 baada ya sare ya 2-2 na Afrika Kusini mjini Uyo. Keshi akaondolewa, akarudishwa, na Julai 2015 akaondolewa kwa mara ya mwisho.

Kile ambacho wengi hawakukijua wakati wa kelele hizo ni hali ya nyumbani kwake. Mkewe, Kate, alifariki dunia Desemba 2015 baada ya kuugua saratani kwa takriban miaka mitatu. Ukihesabu kurudi nyuma, miaka hiyo inafika karibu na kombe la Johannesburg. Mtu aliyelaumiwa kwa kuonekana hayupo kiakili katika michezo ya mwishoni mwa 2014 alikuwa na mgonjwa, na watoto wanne, ng'ambo ya bahari.

Aliishi miezi sita tu baada ya mkewe. Alfajiri ya Juni 8, 2016, katika jiji la Benin ambako jina lake la soka lilianzia, Stephen Keshi alifariki dunia ghafla akiwa na umri wa miaka 54, wakati alipokuwa akijiandaa kusafiri kwenda Marekani kuwaona watoto wake. Mwili wake ulizikwa mwezi Julai. Lakini Nigeria haikuwa imemaliza hata wiki ya kwanza ya maombolezo pale taarifa nyingine ilipotoka katika jiji hilo hilo la Benin: Shuaibu Amodu, kocha aliyemchukua kuwa msaidizi wake mwanzoni na kufukuzwa pamoja naye mwaka 2002, naye alikuwa amelala usiku na hakuamka.