Al-Biruni, Mpimaji wa Mbingu

Ukisimama ufukoni mwa Ziwa Victoria hapa Mwanza usiku wa giza, utaona taa za wavuvi wa dagaa zimetapakaa majini. Mwezi ukipevuka taa hizo hupungua, kwani dagaa hawavutwi tena na mwanga wake. Mvuvi aijua hesabu ya mwezi kwa riziki yake. Mwislamu naye imempasa aijue kwa ibada yake.

Abu Raihan al-Biruni alizaliwa Khwarazm, Asia ya Kati, mwaka 973. Mwaka 997 alitazama kupatwa kwa mwezi huko kwao, na Abul Wafa akautazama Baghdad. Tofauti ya saa ikawaonyesha umbali wa miji hiyo kwa mashariki na magharibi. Mwaka 1017 Sultani Mahmud aliiteka nchi yake, akamchukua mpaka Ghazni. Huko ugenini hakuacha kupima, akatafuta kibla ya mji huo kwa hesabu ili watu wasisali kwa kubahatisha.

Mwinamo wa njia ya jua aliupata kuwa nyuzi 23 na dakika 35. Mwinamo huo ndio uletao majira. Kwa ajili yake jua hupita utosini Mwanza mara mbili kwa mwaka, Machi na Septemba, na mvua hufuata.

Mwezi nao hauna nuru yake. Nusu yake humulikwa na jua daima, nasi huona sehemu ya nusu hiyo kadiri uzungukavyo.

Alifariki Ghazni katikati ya karne ya 11. Basi tuwasomeshe watoto wetu elimu hii, kwani aikosaye huazima kibla kwa jirani.