Robert Boyle na Maua Yake

Sisi wa kidato cha tatu jina la Robert Boyle tunalo mdomoni kila mara kwa sababu ya ile sheria yake ya hewa: ukiikandamiza, nafasi yake inapungua. Leo sheria hiyo naiweka kando. Nataka kuwasimulia maisha yake kwa upande wa maua, ambao wengi hawaujui.

Boyle alizaliwa tarehe 25 Januari 1627 katika ngome ya Lismore, kusini mwa Ireland, akiwa mtoto wa kumi na nne. Baba yake alikuwa Mwingereza aliyeingia Ireland kijana asiye na kitu, akajipatia mashamba mpaka akawa miongoni mwa matajiri wakubwa wa nchi hiyo. (Wenyeji waliokuwa na mashamba hayo walibaki wakitazama. Hadithi kama hiyo sisi hapa Kenya haihitaji kufafanuliwa.) Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka mitatu tu. Juu ya hayo alikuwa na kigugumizi, na baadaye macho yake yaliharibika hata akawa anaajiri watu wa kumwandikia. Utajiri alikuwa nao, lakini afya, jamani, hakuwa nayo.

Alisoma Eton, Uingereza, kisha akazungushwa Ulaya na mwalimu wake. Mwaka wa 1642, Galileo alipofariki karibu na Florence, kijana huyu alikuwa papo hapo mjini. Katikati ya miaka ya 1650 alihamia Oxford, akaweka maabara katika nyumba ya mwuza dawa. Huko ndiko pampu yake mashuhuri ya hewa ilikotengenezwa. Lakini Mgala muue na haki yake mpe: fundi wa pampu hiyo alikuwa msaidizi wake, Robert Hooke. Sheria ya hewa ikachapishwa mwaka wa 1662.

Sasa tufike kwenye maua. Zamani hizo, mtu akitaka kujua kama maji fulani ni asidi alifanyaje? Aliyaonja! Au aliyamwagia kitu kingine aone kama yatachemka povu. Ulimi wa mtu ndio uliokuwa maabara, na si kila kitu cha kuonjwa. Mwaka wa 1664 Boyle alitoa kitabu kuhusu rangi. Ndani yake alieleza jinsi ya kuchukua sharubati ya violeti, ua dogo la Ulaya ambalo wauza dawa walikuwa wakilipika na sukari, na kulidondosha tone lake kwenye karatasi nyeupe. Ukilitia siki, tone la buluu linakuwa jekundu. Ukilitia maji ya jivu, yaani alkali, linakuwa kijani. Kuna na vitu ambavyo havilibadilishi hata kidogo.

Kwamba asidi huyafanya maua yawe mekundu, wengine walikuwa wameshaliona. Kikubwa cha Boyle ni kuligeuza jambo hilo kuwa kipimo cha kila kitu. Wakati huo kulikuwa na wataalamu waliodai kwamba vitu vyote duniani vimeundwa kwa asidi na alkali tu, basi. Lakini vile visivyobadilisha ua vitawekwa wapi? Mwaka wa 1675 aliandika kuwapinga. Mimi naona hapo ndipo ukubwa wake ulipo: mwenye jina kubwa akisema hivi na tone la ua likisema vile, aliliamini tone.

Sababu yenyewe hakuijua. Leo tunajua kwamba rangi ile inaitwa anthosianini, nayo ni ya jamii ya fenoli: kaboni sita zimeshikana duara, na kwenye duara hilo kumening'inia oksijeni yenye haidrojeni. Kwenye asidi molekuli hiyo ni nyekundu. Alkali ikiinyang'anya haidrojeni inageuka buluu, na ikichanganyika na fenoli nyingine za manjano zilizomo uani, jicho linaona kijani. Rangi za jamii hiyo zimo katika ganda la zabibu nyeusi, na ndizo zinazoipa divai changa wekundu wake. Ukiitia magadi nayo itaacha wekundu wake. (Msinione mlevi, haya ni mambo ya kemia.) Kule kukaza ulimi kwa divai ni kazi ya fenoli nyingine, tanini, ambazo hushikana na protini za mate. Anayekunywa chai ya rangi iliyokolea sana anaelewa ninachosema.

Boyle alizitumia tanini pia bila kuzijua kwa jina. Vinundu vinavyoota kwenye mti wa mwaloni vimejaa tanini, na zikikutana na chuma zinatoa weusi kama wino. Basi alivitumia kupimia kama maji ya chemchemi yana chuma, akaandika habari hizo mwaka wa 1685.

Hakuoa. Tangu 1668 aliishi London kwa dada yake Katherine, naye aliwekewa maabara humo humo nyumbani. Mwaka wa 1670 alipooza, akapona polepole. Mwaka wa 1680 wanasayansi wa Royal Society walimchagua awe rais wao, akakataa kwa sababu dhamiri yake haikukubali viapo. Katherine alifariki tarehe 23 Desemba 1691. Kaka mtu hakumaliza hata siku kumi. Alimfuata tarehe 31. Wote wawili walizikwa katika kanisa la St Martin-in-the-Fields. Kanisa hilo lilibomolewa katika miaka ya 1720 likajengwa jipya, na kaburi la Boyle halijulikani lilipo.