Karl von Frisch: Msomi Aliyewafuata Nyuki

Wahenga walituusia kwamba tufuate nyuki ili tule asali. Wengi wetu tumeichukua methali hiyo kuwa pambo la insha tu. Karl von Frisch aliwafuata nyuki kwa zaidi ya nusu karne, na mavuno yake ni swali ambalo hadi leo halijaacha kuwashughulisha wanaisimu: je, mdudu anaweza kuwa na lugha?

Von Frisch alizaliwa Vienna, Austria, mnamo 1886, katika ukoo wa madaktari na wasomi. Alianza kusomea udaktari, kisha akauacha na kugeukia elimu ya wanyama. Wakati huo Carl von Hess, bingwa wa elimu ya macho, alishikilia kwamba nyuki hawatambui rangi. Kijana huyu hakuridhika, kwani hakuona sababu ya maua kujipamba ikiwa wageni wake hawauoni urembo huo. Aliwazoesha nyuki kunywa maji ya sukari juu ya kadi ya buluu, kisha akaiweka kadi hiyo bila chakula miongoni mwa kadi za kijivu, nyingine nyeupe-nyeupe na nyingine za giza. Nyuki waliiendea ile ya buluu. Jaribio hilo halikuhitaji mtambo wa gharama, bali subira na swali lililoulizwa barabara.

Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, alitengeneza mzinga wenye kuta za kioo, akawatia nyuki alama za rangi ili amtambue kila mmoja. Aliona kwamba nyuki aliyepata chakula hurejea mzingani na kucheza juu ya sega, huku wenziwe wakimfuata unyo kwa unyo. Ngoma zilikuwa mbili: ya kuzunguka duara, na ya kwenda mbele huku nyuki akilitikisa tumbo lake. Von Frisch akahitimisha kwamba ya kwanza hutangaza maji matamu ya maua, na ya pili hutangaza chavua. Alilichapisha wazo hilo, nalo likakubalika.

Kisha siasa ikabisha hodi. Watawala wa Nazi waliwafukuza Wayahudi katika vyuo vikuu, na von Frisch alishutumiwa na baadhi ya wenzake kwa kuwapa kazi wasaidizi wa Kiyahudi. Mnamo 1941 serikali ilichimbua nasaba yake, ikamtangaza kuwa robo Myahudi kwa sababu ya nyanya yake mzaa mama, na ikaamua aondolewe katika kiti chake cha uprofesa mjini Munich. Aliyemwokoa hakuwa hakimu wala jenerali. Ugonjwa uitwao nosema ulikuwa ukiteketeza nyuki wa Ujerumani, na bila nyuki matunda na mazao mengi hayachavushwi. Taifa lililokuwa vitani lilihitaji chakula, kwa hiyo aliagizwa kuuchunguza ugonjwa huo, na kufukuzwa kwake kukaahirishwa hadi vita vimalizike. Utawala huo ukaporomoka yeye akiwa bado kazini.

Ni katika kipindi hicho cha mabomu ndipo alipouona upungufu wa nadharia yake mwenyewe. Mnamo 1944 aliweka sahani za maji ya sukari mbali na mzinga, na wachumaji wake wakacheza ngoma ya kutikisa tumbo. Kumbe awali alikuwa ameweka sahani karibu na mzinga, ilhali chavua ilitoka mbali! Tofauti ya ngoma haikuhusu aina ya chakula, bali umbali wake. Alitangaza masahihisho hayo waziwazi, ijapokuwa yalibomoa fundisho lake la miaka 20. Aidha, mwaka uliofuata alitambua kwamba ngoma huonyesha mwelekeo: nyuki akicheza kuelekea juu ya sega, chakula kiko upande wa jua, akiinama nyuzi 60 kushoto, chakula kiko nyuzi 60 kushoto mwa jua.

Mnamo 1973 alitunukiwa Tuzo ya Nobel pamoja na Nikolaas Tinbergen na Konrad Lorenz, huyu wa mwisho akiwa mtu aliyejiunga na chama cha Nazi mnamo 1938. Von Frisch alifariki Munich mnamo 1982.

Je, hiyo ni lugha? Mwanaisimu Émile Benveniste alikataa mnamo 1952, akisema ni mfumo wa ishara tu. Hapana shaka alikuwa na hoja. Nyuki hajibu ngoma kwa ngoma, wala hasimulii yaliyopita wala hasemi uongo. Hata hivyo, nyuki huarifu wenziwe kuhusu kitu kisichokuwapo machoni pao, uwezo ambao ni adimu mno katika ulimwengu wa wanyama. Kwa maoni yangu, faida kubwa ya kazi hii kwa mwanafunzi wa isimu si kumpandisha nyuki cheo, bali kumlazimisha aeleze kwa makini anachokiita lugha.

Mjadala haukukoma. Tangu 1967 Adrian Wenner alidai kwamba nyuki hufuata harufu tu, lakini uchunguzi wa rada uliochapishwa mnamo 2005 ulionyesha wafuasi wa ngoma wakiruka kuelekea mahali palipotajwa. Tena utafiti wa 2023 ulibaini kwamba nyuki wachanga wasiopata kuwafuata wazee wao hucheza kwa makosa mengi, na makosa ya umbali hayawatoki maishani.

Basi walimu wasidharau kazi yao, kwani hata mzingani ufundi huu hukamilishwa kwa kufundishwa. Nao wanafunzi wakumbuke kwamba msomi huyu hakuona aibu kulifuta jibu lililokwisha kumpa sifa.