Bell: Aliyeifanya nuru itoe sauti

Likitajwa jina la Alexander Graham Bell, wengi wetu hukumbuka simu tu. Ni haki yake, kwani hati ya ugunduzi huo alipewa Marekani mwezi Machi 1876, akiwa na miaka 29. Lakini ndugu msomaji, lipo jambo jingine alilolifanya bwana huyu ambalo halizungumzwi sana, na huenda siku moja likamfaa mkulima wa mpunga wa Malinyi kuliko hata simu iliyomo mfukoni mwake.

Bell alizaliwa mwaka 1847 mjini Edinburgh, Uskoti. Mama yake alikuwa na uziwi, na baba yake alikuwa mwalimu wa matamshi. Kifua kikuu kiliwaua ndugu zake wawili, ndipo mwaka 1870 familia ikahamia Kanada. Mwaka uliofuata akaenda Boston kufundisha viziwi, na mwaka 1877 akamuoa Mabel Hubbard, kiziwi aliyekuwa mwanafunzi wake. Pamoja na hayo, viziwi wengi hadi leo wanamlaumu kwa kupinga watoto wao wasifundishwe kwa lugha ya alama. Anayesimulia maisha ya mtu hana budi kuutaja upande huo pia.

Mwaka 1880, yeye na msaidizi wake Charles Sumner Tainter walisafirisha maneno kwa mwanga wa jua mjini Washington, umbali wa mita 213, bila waya. Katika kazi hiyo wakagundua kwamba mwanga unaokatwakatwa upesi ukiangukia kitu chembamba, kitu hicho hutoa sauti. Sababu yake ni joto. Kitu kikimulikwa hupata joto na kutanuka, mwanga ukikatika hupoa na kusinyaa, na mtikisiko huo ndio sauti yenyewe.

Mwaka 1881 Rais James Garfield wa Marekani alipigwa risasi. Madaktari waliitafuta risasi kwa kuingiza vidole na vyuma visivyo safi ndani ya jeraha. Bell akaja na chombo cha umeme cha kutambua risasi bila kukata mwili. Hakufanikiwa. Springi za kitanda zilikivuruga chombo, na daktari mkuu alimruhusu kupima upande mmoja tu, ambao risasi haikuwepo. Garfield akafariki Septemba mwaka huo.

Bell alifariki huko Kanada mwezi Agosti 1922. Kazi yake ya mwanga aliithamini kuliko simu, lakini matunda yake katika tiba hakuyaona.

Leo watafiti humulika ngozi kwa mipigo mifupi mno ya leza. Damu, pamoja na mafuta yanayozifunika neva, hufyonza mwanga huo, hupata joto dogo sana na kutoa mawimbi ya sauti ambayo sikio haliyasikii. Kifaa kilichowekwa juu ya ngozi huyapokea, na kompyuta huchora picha ya neva ya mkono au mguu bila kisu wala sindano. Kina chake ni sentimita chache, na kwa neva kazi hii bado iko zaidi mikononi mwa watafiti.

Hili linatuhusu nini? Ukoma na kisukari huziharibu neva kimya kimya. Mtu hukanyaga mwiba shambani asiusikie, kidonda kikaoza, kisha akapoteza mguu. Mhudumu wa zahanati katika bonde la Kilombero hana leza. Anavyo vidole vyake, ambavyo hupapasa neva nyuma ya kiwiko kuona kama imevimba.

Basi tusiisubiri mashine. Mwenye baka lisilo na hisia, au ganzi ya mikono na miguu isiyokwisha, awahi zahanati. Dawa za ukoma hutolewa bure na huua vijidudu, lakini neva iliyokwisha kufa haifufuki kwa vidonge. Bell alipofika kwa Garfield, jeraha lilikuwa limeshachafuliwa. Sisi tunaoijua dalili mapema tutakuwa na udhuru gani tukichelewa?