Philipp Pfaff: Daktari aliyetaka kiini cha jino kibaki hai

PHILIPP Pfaff alizaliwa Berlin, Ujerumani, mwaka 1713, na alifariki katika mji huohuo mwaka 1766. Wazazi wa Maposeni wamewazoea Wajerumani kupitia majirani zao wa Peramiho, ambako Wabenediktini walianzisha misheni mwaka 1898, lakini jina hili huenda ni geni kwao. Hata hivyo, mtoto akianguka na baiskeli na kuvunja jino la mbele, tiba inayoweza kuliokoa ina historia inayopitia kwa Pfaff.

Enzi zake, jino lililouma kwa kawaida liling'olewa, mara nyingi na vinyozi au wang'oaji wa sokoni, bila ganzi. Mfaransa Pierre Fauchard alikuwa ameanza kubadili mambo kwa kitabu chake cha mwaka 1728. Pfaff naye alifanya hivyo kwa Wajerumani. Alipanda hadi kuwa daktari wa meno wa Mfalme Friedrich wa Pili wa Prussia, na mwaka 1756 alichapisha kitabu kikubwa kuhusu meno na magonjwa yake.

Humo alieleza namna ya kuchukua umbo la kinywa kwa nta na kumimina plasta ili kutengeneza meno ya bandia. Alieleza pia la kufanya tundu linapofika kwenye kiini, yaani nyama laini ndani ya jino yenye mishipa ya damu na ya fahamu. Alikata kipande chembamba cha dhahabu au risasi, akakibonyeza kama kifuniko ili kisikandamize kiini, kisha akaliziba jino juu yake. Ni maelezo ya kwanza yanayojulikana ya tiba hiyo.

Alichokosa Pfaff ni elimu ya bakteria, kwani wakati wake haikuwapo, na dhahabu peke yake haiwazuii kupenya. Mwaka 1920 Mjerumani Bernhard Hermann alileta dawa ya jamii ya chokaa, inayochochea kiini kujijengea ukuta mpya. Mwaka 1978 Miomir Cvek, aliyefanya kazi Sweden, alionyesha kuwa katika meno ya mbele ya watoto yaliyovunjika, kuondoa takriban milimita mbili tu za kiini kilichofunuka na kufunika kinachobaki kwa dawa hiyo huponya meno mengi sana.

Kwa nini mtoto hasa? Meno ya mbele ya ukubwani huota akiwa na umri wa kati ya miaka 6 na 9, lakini mzizi huendelea kukua kwa takriban miaka mitatu baada ya jino kutokeza. Anayeujenga ni kiini. Kikifa mapema, mzizi hubaki mfupi, wazi nchini na wenye kuta nyembamba, na jino huweza kuvunjika kwa pigo dogo. Ndiyo maana kuliacha, au kuling'oa kwa haraka, ni hasara ya maisha.

Jino likivunjika na ndani ukaona doa jekundu, msafishe mtoto kinywa kwa maji safi. Tafuta kipande na ukihifadhi kwenye maziwa au maji, maana huenda kikagandishwa tena. Usiweke tumbaku, chumvi wala kidonge juu ya jino. Mpeleke siku hiyohiyo kwenye hospitali yenye daktari wa meno, iwe Peramiho au Songea mjini. Piga simu kwanza kuhakikisha yupo. Siku chache zikishapita, usikate tamaa, nenda. Muulize daktari kama kiini kinaweza kuokolewa kabla ya kukubali jino ling'olewe.

Jino likitoka lote na mzizi wake, lishike sehemu ya juu, usiguse mzizi, litumbukize kwenye maziwa na ukimbie hospitali. Hapo kila dakika ina thamani.

Baada ya tiba, rudi tarehe ulizopangiwa hata kama mtoto halalamiki. Daktari atapiga picha ya eksirei kuona kama mzizi unakua. Jino likibadilika rangi, au fizi ikivimba au kutoa usaha, usisubiri tarehe.

Pfaff alifariki bila kujua kwa nini wazo lake lilikuwa sahihi. Sisi tunajua, na dawa tunazo bora kuliko dhahabu ya mfalme. Kinachobaki ni mzazi kumfikisha mtoto mapema.