Annalena Tonelli na Manyata ya Wajir

Annalena Tonelli alizaliwa mjini Forlì, Italia, mwaka wa 1943. Alisomea sheria, hakuwa daktari wala mtawa, ijapokuwa wengi humdhania hivyo. Aliwasili Kenya mwaka wa 1969 akiwa mwalimu, na baada ya muda mfupi akahamia Wajir.

Mageuzi ya huduma za afya huhusishwa zaidi na nyaraka za Nairobi na Geneva. Haya yake yalianzia mchangani. Enzi hizo, kutibu kifua kikuu kulichukua mwaka mmoja au hata mwaka na nusu, na mgonjwa alitakiwa asiwe mbali na hospitali. Sharti hilo lilimfaa mkazi wa mjini. Mfugaji, awe wa Wajir au wa Kotile kando ya mto Tana, hufuata malisho. Mvua ikinyesha kwingine, ngamia hawasubiri sindano. Basi aliondoka kabla ya kupona, ugonjwa ukamrejea ukiwa sugu, na aibu ya kukohoa ikamtenga na jamaa zake.

Mwaka wa 1976 Tonelli alikabidhiwa mradi wa majaribio wa Shirika la Afya Duniani wa kuwatibu wafugaji. Badala ya kuwalaza wodini, aliwaacha wapige vibanda vyao wenyewe karibu na kituo, wakaishi kama waishivyo manyatani. Dawa zilimezwa kila siku mbele ya mhudumu, na matibabu yakafupishwa hadi miezi 6. Katika miaka ya 1990 Shirika hilo lilieneza duniani utaratibu wa kumeza dawa mbele ya mhudumu. Sifa si zake pekee: Karel Styblo naye alikuwa ameujenga mpango kama huo nchini Tanzania. Ila jibu la Wajir lilitokana na maisha ya mgonjwa mwenyewe, na hapo ndipo ninapouona uzito wake.

Mnamo Februari 1984 wanajeshi waliwaua wanaume wengi katika uwanja wa ndege wa Wagalla. Tonelli aliwaokota majeruhi, akazika maiti, na kuhakikisha kwamba habari imefika ng'ambo. Mwaka uliofuata alifukuzwa nchini. Wagonjwa wakabaki.

Aliendelea na kazi ileile Somalia, hatimaye Borama. Juni 2003 alitunukiwa Tuzo ya Nansen ya Umoja wa Mataifa. Tarehe 5 Oktoba mwaka huohuo alipigwa risasi akafa, katika hospitali yake ya kifua kikuu.