Nizam al-Mulk, Mwalimu wa Watawala

Muhula uliopita nilipewa kazi ya ukiranja wa bwalo. Nikaambiwa nichague wasaidizi wawili wa kugawa chakula, nami nikawachagua vijana wawili wa kijijini kwetu. Haukupita mwezi, manung'uniko yakajaa bwaloni. Mwalimu wetu wa historia hakunigombeza, bali alinipa kitabu nikasome habari za Nizam al-Mulk. Zimenifaa, nami napenda kuwasimulia wasomaji wa gazeti letu.

Mtu huyu alizaliwa mwaka 1018 karibu na mji wa Tus, katika jimbo la Khurasan, Uajemi. Jina lake hasa lilikuwa Hasan bin Ali. Baba yake alikuwa mtumishi wa serikali katika kazi ya kodi. Hasan alisomeshwa sheria ya Kiislamu kwa madhehebu ya Shafii, ambayo Waislamu wengi wa pwani yetu huifuata, kisha akaingia kazi ya ukarani. Wakati huo Waturuki wa ukoo wa Seljuk walikuwa wameiteka nchi. Walikuwa mabingwa wa vita, lakini mambo ya hesabu na kodi hawakuyazoea. Basi Sultani Alp Arslan alimfanya Hasan waziri wake mkuu, naye akapewa jina la heshima la Nizam al-Mulk, yaani utaratibu wa ufalme. Neno hilo nizam ndilo neno letu nidhamu.

Alp Arslan alipouawa mwaka 1072, mwanawe Malik Shah alikuwa bado kijana, na mzigo wa serikali ukamwangukia waziri. Dola ilitoka Asia ya Kati mpaka Shamu. Inasimuliwa kwamba aliwalipa wavushaji wa mto Oxus kwa hati ya kupokelea fedha Antiokia, karibu na bahari ya Mediterania, ili watu waujue ukubwa wa dola. Lakini hati kama hiyo haifai kitu ikiwa karani wa upande wa pili si mwaminifu.

Ndipo akajenga vyuo katika miji ya Baghdad, Nishapur, Herat, Balkh na Isfahan, vikaitwa Nizamiyya. Kile cha Baghdad kilifunguliwa mwaka 1067. Wanafunzi walipewa mahali pa kulala na posho, hata asiye na mali akaweza kusoma. Mwaka 1091 alimweka Imam Ghazali kufundisha huko. Wengi waliosoma katika vyuo hivyo wakawa makadhi na watumishi wa serikali.

Uzeeni aliandika kwa Kiajemi kitabu kiitwacho Siyasatnama, chenye sura 50, kwa ajili ya sultani. Alimshauri aketi siku mbili kila juma kusikiliza mashtaka ya raia pasipo mtu wa kati. Mtoza kodi asidai kabla ya wakati wake, maana mkulima atauza mazao kwa nusu ya bei, kisha atalihama shamba. Waliopewa maeneo wabadilishwe kila baada ya miaka miwili au mitatu, wasije wakayaota mizizi. Tena mtu mmoja asipewe kazi mbili, hali wengine hawana hata moja.

Lakini mwalimu huyu alishindwa na somo lake mwenyewe. Wanawe na jamaa zake walijaa katika vyeo. Mjukuu wake, aliyekuwa liwali wa Merv, aligombana na ofisa wa sultani, na sultani akamkasirikia waziri. Tarehe 14 Oktoba 1092, mwezi wa Ramadhani, akiwa njiani kwenda Baghdad, mtu aliyevaa kama Sufi alimkaribia akamchoma kisu. Wengi walisema muuaji alitumwa na Hasan-i Sabbah, adui yake. Wengine waliwashuku watu wa ikulu. Mwezi uliofuata Malik Shah naye akafa, na jamaa zake wakapigania kiti.

Vyeo vya wanawe vimesahauliwa, lakini chuo kilidumu. Ibn Battuta, msafiri aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alikiona Baghdad mwaka 1327.

Nami nilimrudia mwalimu, nikamwomba wasaidizi wa bwalo wachaguliwe na kila bweni kwa zamu. Wale vijana wa kwetu walininunia siku tatu. Siku ya nne tulikula pamoja, kila mtu kwa kipimo chake.